Jasho la Panga

Naanza na mkono wangu, maana bila huo usingekuwa unasoma haya. Mkono huu ulijifunza kuandika nikiwa mtu mzima mwenye watoto wanne, na haukujifunzia kwenye daftari. Ulijifunzia kwenye tofali bichi, kwa msumari wa inchi nne. Aliyenifundisha alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha kule Dar es Salaam, na maneno ya kwanza niliyoyaandika kwa mkono huo kwenye karatasi ya serikali yalikuwa ya kumharibia yeye. Haya, nimeshalitoa. Sasa naweza kueleza polepole.

Shule nilisoma miaka miwili tu, Kitahana nilikozaliwa, upande wa Kibondo. Mwaka wa tatu baba alinitoa nikachunge. Alisema mbuzi wake ni wengi kuliko akili zangu. Mwalimu alikuja nyumbani kunidai, baba akampa kibuyu cha asali, akaenda zake na hakurudi tena. Asali ya Kibondo ilikuwa na nguvu hiyo. Nikakua hivyo hivyo, na ndevu zilipoota nikafanya walichofanya vijana wengi wa Buha: nikaandikwa manamba, nikapanda treni Kigoma, nikaenda Tanga kukata mkonge.

Tanga nilikaa miaka tisa. Ya mkonge siyaelezi, miiba yake inajulikana. Naeleza mawili tu kwa sababu yanaingia katika habari hii.

La kwanza ni kopo. Siku moja nilitumwa mjini, jua kali, nikaomba maji kwenye nyumba moja nzuri yenye baraza. Mama wa pale alinitazama miguu, akauliza, "Wewe manamba?" Nikasema ndiyo. Akaniletea maji kwenye kopo la kuku. Sisemi lilifanana na la kuku. Kuku wenyewe walisimama pale wakilisubiri. Nikanywa. Kiu haina adabu.

La pili ni tofali. Nilijikata mguu, nikaondolewa shambani nikapewa kazi ya kumbebea kuni mzee mmoja wa kusini aliyechoma matofali ya majengo ya kampuni. Mzee huyo hakunifundisha neno. Kila jambo lenye maana lilipokaribia, alinituma maji. "Wewe, nenda kisimani." Nikirudi, jambo limekwisha. Miaka mitano nilichota maji, mpaka siku moja nikajificha nyuma ya rundo la kuni nikamwona. Alipanda juu ya tanuru, akachukua panga baridi, akalisukuma katikati ya matofali, akangoja kidogo, akalichomoa na kuliangalia. Bapa la panga lilikuwa limelowa, linatoka jasho. Akashuka, akauacha moto mdogo vilevile. Kesho yake akarudia. Panga likatoka kavu. Hapo ndipo akapiga kelele, "Magogo!"

Nikaelewa. Tofali hukauka nje, moyo wake ukabaki na maji. Ukilipa moto mkubwa lina maji ndani, linapasuka. Moshi unadanganya, upepo unaugeuza. Kuhesabu siku nako kunadanganya, maana udongo wa bondeni si sawa na udongo wa kichuguu. Panga halidanganyi. Huo ndio ufundi wote, mengine ni mikono.

Nikarudi nyumbani na siri hiyo kama mtu aliyerudi na baiskeli. Nikahamia upande wa Kasulu kwa watu wa mke wangu, njia ya kwenda Kabanga, nikawa fundi wa tanuru. Na mimi pia, saa ya panga ikifika, nikawatuma watu maji. Ufundi niliuiba, na mwizi hapendi kuibiwa.

Ikaja miaka ya sabini, watu wakahamishiwa vijijini. Kijiji chetu kilikuwa kipya, nyumba za majani, na tukaambiwa tukichoma matofali wenyewe tutajengewa zahanati. Hakuna aliyehitaji kusukumwa. Mama mjamzito akizidiwa ilibidi abebwe kwa machela mpaka hospitali ya misheni Kabanga, wanaume wanne wakipokezana, na wengine walijifungulia njiani kwenye nyasi. Wanawake ndio waliobeba kuni nyingi zaidi. Walijua wanabebea nini.

Hapo ndipo alipoletwa kijana. Bwana ujenzi wa wilaya alimleta mwenyewe. Akatueleza kwamba wanafunzi wa chuo kikuu hawaachwi kukaa bure likizo yao ndefu, wanatumwa wakafanye kazi wajue kazi ni nini. Huyu atashinda nusu siku kwangu kwenye udongo, na nusu ya pili ofisini kwake Kasulu akinakili ramani.

Alikuja amevaa suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni, vile vyenye soli nene kama tofali. Wanawake walikaribia kudondosha kuni.

"Msomi," mmoja akamwita, "hivyo viatu usivivue. Tanuru likiwa refu utapanda bila ngazi."

"Mama," akajibu, "hata hivi nimevaa ili nikuone vizuri."

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Kuanzia hapo akawa wao. Viatu alivivua, akakunja bugaluu, akaingia kwenye shimo la udongo, na akakanyaga mpaka saa ya kula.

Nilimuuliza kwao wapi. "Tanga, fundi."

Nikaliona kopo. Naapa nililiona, na kuku wake.

Alikuwa na kitabu cha jalada la buluu. Kila siku aliandika alichojifunza, na mwisho wa likizo fundi aliyesimama naye alitakiwa aandike neno lake mwenyewe, kisha ofisi igonge muhuri. Alinieleza siku ya kwanza, bila kunibembeleza. "Fundi, ukurasa wa mwisho ni wako. Bila neno lako jema pale, chuoni sipandi mwaka wa pili. Na mama yangu ameshawaambia mtaa mzima kwamba mwanawe atajenga madaraja."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Sikumwambia kwamba sijui kuandika.

Alijua mwenyewe. Siku moja bwana ujenzi alituma ramani ya zahanati, nikaishika mbele ya watu nikaitazama kwa makini sana, nikitikisa kichwa kama mtu aliyeona kosa. Kijana akanisogelea, akaigeuza taratibu mikononi mwangu juu ikawa juu. "Upepo huu, fundi," akasema, "unageuza kila kitu." Upepo haukuwepo. Hakuna mtu aliyejua ila sisi wawili.

Kesho yake, wakati wa kupumzika, akachukua msumari akachora herufi kwenye tofali bichi. Hakusema anafundisha. Alisema, "Fundi, tuwekee alama matofali yetu." Nikachora chini ya yake. Ndivyo tulivyokwenda, tofali baada ya tofali, karibu miezi miwili. Herufi K ilinisumbua sana, ilikuwa inaanguka kifudifudi kama mlevi. Yeye alikuwa anasema, "Iwekee mguu mmoja mbele, itasimama."

Naye akaniomba nimfundishe kusalimia kwa Kiha. Kwetu salamu si neno moja ukapita. Unainama kidogo, unapiga makofi taratibu, unasema "Mwakeye," mwenzako anajibu, halafu unauliza nyumba, watoto, wazee, mashamba, mifugo, moja moja, na kila moja linajibiwa. Mtu hatoi shida yake kabla salamu haijaisha, hata kama nyumba inaungua. Kijana aliipenda. Alikuwa akiwasalimu bibi vizee mpaka mwisho bila kuruka kitu, na bibi wanamsifu kwamba huyo amelelewa.

Sasa mtu atauliza, ubaya uliingilia wapi? Nimejiuliza mwenyewe. Uliingia kidogo kidogo. Mikono yake ilikuwa myepesi; ndani ya mwezi alikuwa akitoa tofali kwenye kibao cha kufyatulia pembe zote nne zimesimama, jambo lililonichukua mimi mwaka. Mwenyekiti wa kijiji akaanza kumuuliza yeye, mimi nimesimama hapo, "Tutawasha lini?" Wanawake wakaanza kumwita fundi mdogo, kisha wakalisahau hilo la mdogo. Na kile kitabu. Kila nilichosema kiliingia mle. Nikawa najiona ninahamishwa, leo mkono, kesho jicho, mpaka nitakuwa mle ndani mzima na nje hapa nimebaki mkata mkonge.

Tulipomaliza kupanga tanuru na kulikandika udongo, akanifungulia kitabu. "Fundi, nimeandika yote. Kuna kitu bado hujanionyesha?"

Nikamwambia, "Umemaliza."

Tukawasha alfajiri ya Alhamisi, moto mdogo kwenye midomo yote ya tanuru. Ulitakiwa ukae hivyo mpaka maji yatoke. Ijumaa kijana hakwenda kuswali mjini, ingawa alikuwa amepanga chumba kwa mwenye duka mmoja Mwislamu aliyekuwa anamhimiza sana. "Mungu anajua nimeacha moto," akasema.

Mimi niliondoka. Shemeji yangu ng'ambo ya bonde alikuwa amekamua pombe ya ndizi, nami nikajiambia nimealikwa.

"Unakwenda, fundi?"

"Nakwenda kwa shemeji mara moja."

"Nitajuaje maji yamekwisha?"

"Moshi ukipungua, sukuma magogo."

Panga lilikuwa limelala juu ya rundo la kuni. Nililichukua, nikalitia kwapani, nikaenda nalo. Ulevi usisingiziwe. Niliondoka mkavu kabisa.

Kwa shemeji tulikaa kuzunguka chungu, kila mtu na mrija wake. Kutoka pale tanuru lilionekana vizuri ng'ambo. Mchana upepo ukabadilika, moshi ukalala upande wa pili wa kilima, na kwa mtu aliyesimama chini yake ulionekana kama umepungua. Baada ya muda ukaja mwingine, mweusi, mnene. Ulikuwa wa magogo.

Shemeji akatoa mrija mdomoni. "Fundi, moshi wako umekuwa mweusi."

"Nauona."

"Si mapema?"

"Ni mapema."

"Sasa?"

"Mwache msomi ajifunze."

Watu wakacheka. Nami nikarudisha mrija mdomoni. Kutoka pale mpaka tanuruni ni mteremko na mpando, mtu wa mbio anafika kabla chungu hakijafika nusu. Magogo yangechomolewa, tungepoteza matofali ya chini tu. Nilikunywa. Katika maisha yangu nimefanya mabaya mengine, nimewahi kumpiga mke, nimewahi kumficha ndugu yangu mbuzi, lakini ninapolala nikifumba macho ninachokiona ni ule mrija.

Tulilisikia tanuru lilipoanza. Linapasuka kama bisi kikaangoni, halafu kama bisi kubwa, halafu kishindo. Ukuta wa upande mmoja ulitoka tumbo, ukaanguka wote. Hakuna aliyeumia. Nilipofika wanawake walikuwa wamesimama wametia mikono vichwani, na yule mama aliyemtania msomi viatu vyake alikuwa amekaa juu ya kuni zake analia bila sauti. Tumbo lake lilikuwa la miezi saba. Kijana alikuwa mweusi kwa masizi, anachomoa magogo peke yake.

Jumatatu bwana ujenzi akaja. Watu wote walikusanyika.

"Nani aliamuru magogo?"

"Mimi," kijana akasema kabla hajaulizwa mwingine.

Bwana ujenzi akanigeukia. "Fundi, hukumfundisha?"

Kijana alinitazama. Hakuwa na la kunidai, hakujua kwamba kuna kitu cha panga. Alidhani kweli amekosea. Alinitazama tu kama mtu anavyomtazama mkubwa wake.

"Nilimfundisha kila kitu," nikasema.

"Basi utaandika hivyo hivyo kwenye kitabu chake," akasema bwana ujenzi, "nami nitagonga muhuri."

Jumatano kijana akaja kwangu na kitabu. Alikuwa amekwisha kuaga ofisini, kulikuwa kumebaki mimi tu na muhuri. Akachuchumaa, akanipa kalamu kwa mikono miwili, akakiweka kitabu juu ya tofali zima lililosalia. "Andika unavyoona, fundi." Kisha akageuza uso pembeni ili asinione ninavyohangaika.

Hata wakati huo alinistiri.

Niliandika maneno mawili. HAJUI KAZI. Ilinichukua muda mrefu. Akakipokea, akasoma. Kuku mmoja alipita katikati yetu.

"Mkono wako umetulia sasa, fundi," akasema. "Hata K imesimama."

Akanishukuru, akaondoka kwenda Kasulu kugongewa muhuri.

Nilipomwambia mke wangu, alikuwa anamenya mihogo. Habari ya kopo aliijua, nilishamsimulia mara nyingi kuliko alivyopenda. Hakuinua macho.

"Huyo mama wa kopo ndiye aliyemzaa?"

"Nitajuaje?"

"Basi kesho nenda ukamuulize."

Akaendelea na mihogo yake.

Hapa nichomeke jambo moja nisije nikalisahau. Tanuru tulilichoma tena kabla ya mvua. Wanawake walewale walikata kuni mara ya pili, na yule mwenye mimba hakuwepo, alikuwa amejifungulia kwenye machela, yeye na mtoto wakapona. Safari hiyo nilipanda juu na panga mchana kweupe, sikumtuma mtu maji. Matofali yakatoka mekundu, yanalia kama kengele ukiyagonga. Kila mtu alisema umeona sasa, fundi ni fundi. Nilitamani mtu mmoja tu anitukane. Hakutokea.

Sasa nirudi kwa kijana. Kesho yake baada ya kuandika, siku ya Alhamisi, nilitoka alfajiri, baridi ya kiangazi, panga kwapani. Nilikuwa nimepanga vizuri njia nzima. Nitamkuta. Nitamwonyesha panga, nitamweleza jasho. Kisha nitamshika mkono tuvuke barabara mpaka kwa bwana ujenzi, ofisi ilikuwa ng'ambo tu ya duka alikopanga, nami nitasema mbele ya wote wawili: aliyeharibu tanuru ni mimi. Ukurasa utachanwa, nitaandika mwingine. Niliyarudia maneno hayo mpaka nikayajua kama sala.

Lori la maharage lilikuwa limesimama mbele ya duka, linakwenda Kigoma kwenye treni. Kijana alikuwa amekwisha kupanda, amekaa juu ya magunia na raizoni zake miguuni. Aliponiona uso wake ulifunguka. Sijui kwa nini ulifunguka. Akainama kule juu, akapiga makofi taratibu kama nilivyomfundisha.

"Mwakeye, fundi."

Nikaliweka panga chini ili mikono iwe huru. Nikapiga makofi. "Mwakeye."

Akauliza nyumba. Nikajibu. Akauliza watoto, akawataja wote wanne kwa majina. Nikajibu. Nikauliza wazee wake. Nikauliza safari. Taniboi akafunga mlango wa nyuma, akapiga bati kwa kiganja. "Mzee, tupishe, treni haingoji salamu!"

"Mwache amalize," kijana akamwambia. "Huyu ni fundi wangu."

Dereva akawasha, akangoja. Ilikuwa imebaki mimi kusema. Salamu zilikuwa zimekwisha, pande zote mbili, panga liko miguuni pangu, ofisi ng'ambo imefunguliwa madirisha. Nikafungua mdomo.

"Mashamba?" nikauliza.

"Mazuri, fundi."

"Na ng'ombe? Ng'ombe hawajambo?"

Mtoto wa Tanga, mwanafunzi anayelala kitanda cha chuo, ng'ombe angewatoa wapi. Alicheka, akapiga makofi mara ya mwisho.

"Hawajambo, fundi. Wote hawajambo."

Lori likaondoka.